Kelele za mtaani Dodoma: mwongozo kamili wa kuandika malalamiko yanayofanyiwa kazi

Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa kwa miaka kadhaa hapa Dodoma, na hadi leo watu huniletea barua zao za malalamiko ya kelele baada ya kukwama. Karibu zote zinasema jambo moja: "Muziki ni mkubwa, hatulali, tunaomba mtusaidie." Afisa anayeisoma barua hiyo hana pa kuanzia. Muziki wa nani? Kwenye kiwanja kipi? Saa ngapi? Umezidi nini? Basi mwenye baa anaitwa, anaahidi kupunguza, anapunguza siku mbili, ya tatu madirisha yanatetemeka tena.

Ushauri wangu ni mmoja, na hatua zote hapa chini zimejengwa juu yake: acha kulalamikia sauti, lalamikia karatasi. Baa, karakana au mashine ya kusaga huwa juu ya ardhi ambayo matumizi yake yamepangwa, na huendeshwa kwa leseni yenye masharti. Sauti hushushwa kwa kitufe na kupandishwa kwa kitufe kile kile. Karatasi haina kitufe.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari lililoshonwa, lile la counter book. Karatasi moja moja hupotea, na ukiulizwa utaambiwa uliziandika jana usiku.
- Simu yenye saa sahihi na programu ya bure ya kupima desibeli.
- Nakala ya hati yako, au mkataba wa pango. Mpangaji naye ana haki ya kulalamika, asikudanganye mtu.
- Namba ya kiwanja na kitalu cha kule kelele zinakotoka.
- Kaya nyingine nne au tano zilizo tayari kusaini, tena zisiwe zote upande mmoja wa nyumba yako.
- Faili, na nakala tatu za kila utakachowasilisha.
- Wiki mbili za subira.

Wakili haumhitaji kwa sasa. Wala huhitaji "hela ya soda" ya mtu yeyote.

## Hatua ya 1: Jua mlango wako

Watu wengi hupoteza mwezi mzima kwenye mlango usio wao.

Sherehe ya usiku mmoja ni ya Mtendaji wa Mtaa, ambaye hutoa vibali, na ya polisi wakati inaendelea. Baa na ukumbi ni vya Jiji: leseni, mipangomiji na mazingira, kisha NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Karakana ya kuchomelea, mashine ya mbao au ya kusaga ni suala la mipangomiji kabla ya kitu kingine. Bodaboda zilizotolewa kizuia sauti kwenye bomba la moshi ni za askari wa usalama barabarani. Gari la matangazo, uliza kibali chake kwa mtendaji.

Hatua zinazofuata ni za kelele ya kudumu, inayorudi kila wiki mahali pale pale. Kama tatizo lako ni harusi ya jirani, vumilia, nawe utaoza binti siku moja.

## Hatua ya 2: Andika daftari kwa siku 14

Kila usiku mstari mmoja: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokwisha, ulikuwa wapi, ulisikia nini, ilikuzuia nini. Mfano:

*Ijumaa. Ilianza saa 3:40 usiku, ikakoma saa 8:15. Nilikuwa chumbani, dirisha limefungwa. Besi na sauti ya mtangazaji, maneno yanasikika. Mtoto aliamka mara mbili. Upepo kutoka upande wa baa.*

Andika pia usiku uliokuwa kimya. Hapa ndipo watu hunibishia: "Kwa nini nimsaidie mwenye baa?" Humsaidii. Daftari lenye usiku 14 wa mateso mfululizo linanuka chuki. Daftari linaloonyesha Jumatatu hadi Jumatano kimya, Ijumaa hadi Jumapili kelele, linamwambia afisa siku ya kuja kukagua.

Usisahau upepo. Dodoma ni mji wa upepo, na sauti husafiri mbali zaidi kule upepo unakoelekea. Tena miezi ya Juni na Julai, usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na hewa iliyokaa hivyo huinamisha sauti irudi chini badala ya kupotea angani. Ndiyo maana spika ile ile isiyokusumbua mchana inakufikia usiku kama iko uani. Mwenye baa akisema "mbona sijaongeza chochote", huenda anasema kweli. Na wewe pia unasema kweli.

Onyo: usijaze daftari la wiki nzima kwa siku moja. Mwandiko wa kalamu moja, mkao mmoja, hutambulika haraka.

Utajua umefanikiwa mtu asiyekujua akilisoma na kukuambia kelele ni za siku zipi na saa ngapi, bila wewe kumweleza.

## Hatua ya 3: Pima, lakini usijidanganye na simu

Kosa hili nililifanya mwenyewe. Nilirekodi muziki kwa simu nikiwa kitandani, nikaupeleka ofisini kwa fahari. Ulipochezwa pale, ulisikika kama redio ya jirani. Simu hujirekebisha yenyewe: sauti kubwa huishusha, ndogo huipandisha. Tena maikrofoni yake huikata besi, na besi ndiyo inayopenya ukuta wa tofali.

Kwa hiyo kipimo cha simu ni cha kukusaidia kuamua kama jambo lina uzito. Ushahidi rasmi hutoka kwenye kifaa cha mkaguzi kilichohakikiwa.

Pima hivi: simama nje ya dirisha la chumba cha kulala, mita moja au mbili kutoka ukutani, simu mkononi bila kuziba maikrofoni, dakika tano. Andika wastani, usiandike kilele. Kisha pima tena muziki ukiwa umezimwa. Tofauti ya namba hizo mbili ina maana kuliko namba yenyewe, kwa sababu simu ikikosea inakosea pande zote mbili.

Namba za kulinganishia: mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku, na nje ya dirisha 45. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa maradufu.

Tanzania ina viwango vyake kwenye Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vinatofautiana kwa aina ya eneo na kwa mchana na usiku. Eneo la makazi lina kiwango cha chini kuliko la viwanda, na usiku ni chini kuliko mchana. Shika jambo hilo, kwa sababu swali la "eneo hili ni la aina gani" ndilo litakaloamua shauri lako. Tutalirudia kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Nenda ukaongee

Nenda mchana, siku ambayo hakuna muziki, mkiwa wawili, mmoja awe mtu mzima anayeheshimika mtaani. Usiende saa sita usiku ukiwa na kaptula na hasira.

Anza kwa salamu, uliza biashara inaendaje, kisha sema: "Kaka, hatujaja kufunga riziki ya mtu. Tumekuja kuona tunasaidianaje, maana chumba cha watoto kiko mita thelathini kutoka spika yako." Mama mmoja wa Kigogo niliyekwenda naye aliingia na "Mbukwenyi!" kwa sauti, ukumbi mzima ukaitikia kwa kicheko, na nusu ya kazi ikaisha hapo.

Usiombe "apunguze". Omba kitu kinachoonekana kwa macho:

- Spika zigeuzwe zitazame ndani au barabarani, zisitazame nyumba za watu.
- Spika ya besi iondolewe sakafuni na ukutani, iwekwe juu ya mpira mzito. Mtetemo hupitia zege.
- Besi ikatwe baada ya saa nne usiku. Wateja hawataondoka kwa hilo.
- Spika nyingi ndogo karibu na meza, badala ya moja kubwa jukwaani inayolazimika kumfikia mteja wa mwisho.

Jihadhari na ahadi tamu. "Tumetoa spika moja kati ya mbili" ni desibeli 3 tu, sikio hulitambua kwa shida. Kuhamisha spika ikawa mbali nawe mara mbili ya mwanzo, pasipo kuta za kuirudisha sauti, hupunguza kama desibeli 6. "Tutapanda miti" ni upepo mtupu, kwani miti hupunguza sauti kidogo sana hadi iwe msitu wa makumi ya mita. Ukuta unasaidia pale tu unapoziba kabisa mstari wa macho kati ya spika na dirisha lako, na hapo utapata kama desibeli 5 za mwanzo. Ukiiona spika juu ya ukuta, ukuta huo ni pambo.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja, msaini, mpeleke nakala kwa Mtendaji wa Mtaa. Mkishindwa, andika kwenye daftari kwamba mlikwenda, tarehe, na mlichojibiwa. Ofisi zote zitakuuliza: "Mlishaongea naye?"

### Kama ni nyumba ya ibada

Hapa nenda polepole zaidi. Mkesha, spika za nje, mahubiri ya alfajiri: sheria ya kelele haichagui, lakini ukianza na barua ya NEMC utaonekana unapiga vita dini, na majirani watakuacha peke yako. Nenda kwa mchungaji au imamu kupitia wazee wa waumini wenyewe, tena muumini wa hapo hapo ndiye aongee. Ombi ni dogo: sauti iishie ndani ya jengo. Waliomo ndani hawapotezi neno lolote. Mara nyingi hili humalizwa hapo. Likishindikana, hatua zinazofuata ni zile zile kwa kila mtu.

## Hatua ya 5: Fuata karatasi ya kiwanja

Hapa ndipo wengi hawafiki, na hapa ndipo mashauri hushindwa au kushinda.

Dodoma ina bahati ambayo miji mingi haina. Sehemu kubwa ya mji ilipimwa na kupangwa na iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia kwenye halmashauri, ambayo leo ni ya Jiji. Maana yake, kiwanja cha Area C, Kisasa au Ilazo kina mchoro wa mipangomiji, na mchoro huo unasema ni cha nini: makazi, makazi na biashara, biashara, ibada, huduma, viwanda.

Nenda ofisi ya ardhi na mipangomiji ya Jiji na namba ya kiwanja. Uliza maswali matatu tu:

1. Kwenye mchoro, kiwanja hiki kimepangiwa matumizi gani?
2. Je, kuna mabadiliko ya matumizi yaliyoidhinishwa?
3. Kibali cha ujenzi kilitolewa kwa jengo la aina gani?

Kama namba ya kiwanja huijui, tumia ya kwako: kiwanja cha jirani kiko kwenye mchoro ule ule, afisa atakionyesha kwa kidole. Angalia pia hati yako mwenyewe, sehemu ya masharti. Matumizi yameandikwa pale, na ndiyo uliyolipia.

Utakutana na moja ya majibu manne.

*Kiwanja ni makazi, hakuna mabadiliko.* Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote: nyumba iliyogeuzwa baa, kuanzia viti vinne chini ya mwarobaini hadi jukwaa. Shauri lako limepata mgongo. Suala si tena kama muziki ni mkubwa au mdogo. Biashara yenyewe haina mahali, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka idhini kabla ya kubadili matumizi.

*Matumizi yalibadilishwa.* Omba kujua kwa masharti gani, na kama majirani walipewa nafasi ya kusema. Ombi la kubadili matumizi hutakiwa kutangazwa, na watu wanaoguswa wanaweza kupinga. Kama hakuna jirani aliyeona tangazo, liandike hilo.

*Ni makazi na biashara.* Biashara ni halali, kwa hiyo usiandike "ifungwe". Andika kuhusu saa, spika na kiwango cha usiku. Ukiomba kisichowezekana, kinachowezekana nacho kitatupwa.

*Eneo halijapimwa*, kama zilivyo sehemu za pembezoni zilizojijenga zenyewe. Hapo hakuna mchoro wa kushikilia. Tegemea kanuni za kelele, masharti ya leseni na nguvu ya mkutano wa mtaa. Na kama urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa, unaendelea, hakikisha kwenye mchoro mpya eneo la baa haliandikwi "biashara" kimya kimya. Nimeona mtu akihalalishiwa kero yake kwa namna hiyo, majirani wakiwa wamesinzia kwenye kikao.

Onyo: usimchukulie afisa kama adui. Mwenye foleni ya watu wenye migogoro ya viwanja akipata mtu mwenye maswali matatu yaliyonyooka humhudumia haraka.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja: "Kiwanja namba fulani kitalu fulani kimepangwa kuwa makazi, na kinatumika kama ukumbi wa muziki."

## Hatua ya 6: Andika barua ya ukurasa mmoja

Ielekeze kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata. Nakala: Afisa Mipangomiji, Afisa Mazingira, Afisa Biashara, na ofisi ya NEMC ya Kanda. Kichwa cha barua kiseme hivi:

*YAH: MATUMIZI YA KIWANJA NA. … KITALU … KINYUME NA MATUMIZI YALIYOPANGWA, NA KELELE ZA USIKU*

Aya ya kwanza, ninyi ni nani na mnakaa umbali gani. Ya pili, ukweli: matumizi ya kiwanja, siku na saa kutoka kwenye daftari, mazungumzo mliyofanya. Ya tatu, maombi matatu yenye mtu wa kuyatekeleza:

(a) Afisa Mipangomiji akague na kuthibitisha matumizi ya kiwanja. (b) Upimaji wa kelele ufanyike Ijumaa au Jumamosi kati ya saa nne na saa nane usiku. (c) Leseni isihuishwe kabla ya (a) na (b), au ihuishwe kwa masharti ya saa na spika.

Ambatanisha nakala ya daftari, majina na saini. Ondoa maneno kama "unyanyasaji", "wahuni", "malaya". Nimeona barua nzuri ikigeuka kesi ya kashfa kwa sababu ya neno moja.

Ukitaka kutaja sheria, mbili zinatosha: kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kinachompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 170 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kero kwa umma kuwa kosa la jinai.

## Hatua ya 7: Iwasilishe masijala, si mezani kwa mtu

Barua iliyoachwa juu ya meza haijafika. Ipeleke masijala, igongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandikiwe namba ya jalada. Baada ya siku 14 rudi na uulize kwa namba hiyo: "Jalada namba fulani liko kwa nani?" Usiulize "barua yangu imefikia wapi", maana utajibiwa "inashughulikiwa".

Wakati huo huo, usiku wa kelele piga 112 au mwite Polisi Kata. Hawatamaliza tatizo, lakini kila walipofika ni mstari mwingine kwenye daftari.

## Hatua ya 8: Ukaguzi ufanyike kelele zikiwepo

Mkaguzi akija Jumanne saa nne asubuhi atakuta mhudumu anafagia. Taarifa itaandikwa "hakuna kelele", na hiyo ndiyo itakayokaa kwenye jalada. Ikitokea hivyo, andika siku hiyo hiyo kuomba ukaguzi wa usiku, ukirejea ombi (b).

Mkaguzi akiwepo, omba mambo matatu kwa upole: apime upande wa anayeumia, si mlangoni pa baa tu; apime na muziki ukiwa umezimwa; na aandike ametumia kiwango cha eneo la aina gani. La tatu ni muhimu sana. Nyumba za makazi zikipimwa kwa kiwango cha eneo la mchanganyiko wa makazi na biashara, baa inafaulu mtihani usio wake. Hapo unatoa jibu la hatua ya 5.

Kama kero yenu ni besi, iseme wazi. Kipimo cha kawaida kiitwacho A hupunguza uzito wa sauti nzito. Kipimo cha C huionyesha vizuri zaidi.

NEMC ina mamlaka ya kutoa amri na kutoza faini. Mwenye biashara naye ana haki ya kukata rufaa, kwa hiyo usisherehekee mapema. Mkiamua kwenda mahakamani na hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ustawi wa jamii.

## Hatua ya 9: Zuia inayofuata

Mji unapanuka kuelekea Iyumbu, Nala na Mtumba, na viwanja vinagawiwa kila siku. Kabla ya kulipia kiwanja, omba uone mchoro mzima wa kitalu, usiishie kwenye kile kiboksi chako. Angalia mstari wa mbele barabarani umepangiwa nini, na kama kati yako na "biashara" kuna maduka, barabara au eneo la wazi. Safu ya maduka yanayofungwa jioni ni ngao bora kuliko ukuta wowote. Kisha nenda ukasimame pale Jumamosi saa tano usiku. Madalali hawaonyeshi viwanja saa hizo.

Kwa mliokwisha kujenga, hudhurieni mikutano ya mtaa, hasa ajenda ya "maombi ya biashara" inaposomwa mwishoni wakati watu wameshaanza kuinuka. Na mkishinda, msitupe daftari. Mwulizeni Afisa Biashara leseni ya vileo ya hapo inahuishwa lini, na mwezi mmoja kabla pelekeni masijala barua fupi yenye namba ya lile jalada la zamani, mkisema masharti yamefuatwa au hayakufuatwa, na usiku gani.